Nauli ya kwenda Walikale

Sake ni mji mdogo wa mashariki mwa Kongo, ulio kilomita zisizofika 30 magharibi ya Goma, kwenye pembe ya Ziwa Kivu. Hapo lami inakwisha na njia zinagawanyika tatu. Moja inafuata ukingo wa ziwa kwenda Minova na Bukavu. Ya pili inapanda kaskazini kwenda Kitchanga. Ya tatu inapinda kwenye vilima vya Mushaki kuelekea Masisi, na anayeishika hiyo bila kuiacha atapita Nyabiondo, atateremka hadi Kashebere, ataingia msituni, na Mungu akijalia na mvua ikikubali, atafika Walikale.

Wanaoishika ni wengi kuliko anavyodhani mtu anayezijua sehemu hizi kwa habari za vita tu. Yuko mama anayepeleka Walikale sabuni, chumvi na vitenge, akirudi na madumu ya mawese. Yuko mwanafunzi wa chuo anayewahi mazishi nyumbani. Yuko mwalimu anayeufuata mshahara wake, kwa sababu mshahara haumfuati yeye. Yuko kijana aliyesikia kwamba kuna shimo jipya la madini limefunguka. Nauli ya ndege hawana, na basi lenye kiti na saa ya kuondoka halipo. Wanasafiri kwa okazyo, yaani kwa chochote kinachoelekea upande wao na chenye nafasi ya kubeba mtu: pikipiki, Fuso lenye shehena, gari la padri, gari la shirika lenye dereva mwenye huruma.

Tumezoea kusoma simulizi za vijana wa Ulaya wanaoizunguka Mongolia au Iceland kwa kuomba lifti, wamesimama kando ya barabara, mkoba mgongoni na kidole gumba juu. Nchi hizo ni pana na watu wake ni wachache, na dereva anayempita mtu aliyesimama peke yake kwenye baridi anajua kwamba huenda hapiti mwingine hadi jioni. Basi anasimama. Ni desturi nzuri. Lakini vijana hao wanapokosa gari wana kadi ya benki mfukoni na hema mgongoni, na safari yenyewe wameichagua.

Wilaya ya Walikale nayo ni pana. Ina kilomita za mraba 23,475, karibu sehemu mbili kwa tano za jimbo zima la Kivu Kaskazini, na inaukaribia ukubwa wa nchi nzima ya Rwanda, ambayo ina watu zaidi ya milioni 13. Wakazi wa Walikale, Wanyanga, Wakumu na wengineo, ni sehemu ndogo sana ya idadi hiyo, na wengi wao wamejipanga kando ya barabara chache. Kati ya kijiji na kijiji ni msitu mtupu, mito ya maji meusi na madaraja ya magogo. Masisi, iliyo jirani, ni kinyume kabisa: kilomita za mraba 4,700 na ushei, vilima vilivyolimwa hadi kileleni, malisho ya ng'ombe, na watu kila unapotupa jicho. Mkoloni Mbelgiji alianza kuwahamishia huko watu kutoka Rwanda mwaka 1937, na ugomvi wa ardhi uliozaliwa hapo haujaisha hadi leo. Kwa hiyo anayetoka Sake kwenda Walikale anatoka kwenye msongamano na kuingia kwenye upweke, na kadiri anavyoteremka ndivyo vyombo vya usafiri vinavyopungua na gharama inavyopanda.

Kwenye vilima vya Masisi mfalme wa barabara ni chukudu. Goma wameijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara, na inastahili. Ni chombo cha mbao za mkaratusi chenye urefu wa mita mbili hivi, mpini kama wa baiskeli, na magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Mwenye nayo hupiga goti moja juu ya kipande cha kandambili kilichopigiliwa ubaoni, mguu wa pili ukisukuma ardhi. Breki ni kipande cha tairi kinachoning'inia juu ya gurudumu la nyuma; anakikanyaga kwa kisigino, na kwenye mteremko wa Mushaki, akiwa na magunia ya viazi, kabichi na makaa, unasikia harufu ya mpira unaoungua kabla hujamwona mwenyewe. Abiria hapandi chukudu. Lakini kwenye kupanda, mtembea kwa miguu akiinama na kusukuma, mfuko wake unapanda bure juu ya mzigo, na maongezi juu yake.

Chombo cha pili ni moto, pikipiki, na hiki ndicho kinachoiunganisha Masisi na Walikale hasa wakati wa mvua, magari yanapozama. Simama uangalie moja inavyopakiwa. Nyuma ya kiti unafungwa ubao mpana. Juu ya ubao yanapangwa madumu mawili ya lita 20, moja kila upande, halafu gunia la unga, halafu katoni ya sabuni, na vyote vinabanwa kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu. Motari, mwendesha moto, anajaribu mzigo kwa kuutikisa kwa mikono miwili. Ukicheza, anafungua na kuanza upya. Mbele, juu ya tangi, anakaa mtoto au mfuko. Abiria anakaa kati ya motari na gunia, magoti yamebana, na kama ni wawili anawaambia wakamatane vizuri. Upepo wa tairi hupunguzwa ili zishike matope. Ikifika sehemu ambayo udongo umekuwa uji, wote wanashuka, mmoja anashika usukani, wengine wanasukuma, na vijana wa kijiji kilicho karibu, ambao wamezijaza mashimo mawe na matawi tangu asubuhi, wananyoosha kamba mbele ya moto na kuomba pesa ya maji. Hawa sina neno nao. Wamefanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyeifanya.

Wengine wanaonyoosha kamba hawajajaza shimo lolote. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji, wakishirikiana na wenzao wa Kongo, walichapisha hesabu ya bariyeri, yaani vizuizi vya barabarani vya kamba au gogo, za Kivu mbili, Kaskazini na Kusini. Walikuta 798. Nyingi zilikuwa za askari wa serikali, nyingine za makundi ya wenye silaha, nyingine za maofisa wa kodi za kila aina, na mahali pengine wote hao walipanga foleni kwenye gogo moja. Wanatoza gari, wanatoza moto, wanatoza chukudu, na wanamtoza mtu mwenye kikapu kichwani. Kwa miaka kadhaa kundi la NDC-R la Guidon Shimiray, lililotawala sehemu kubwa za Walikale na Masisi, liliwauzia watu wazima jetoni, kikaratasi cha kuthibitisha kwamba umelipia mwezi huu haki ya kupita na kwenda shambani kwako. Anayekamatwa bila jetoni analipa zaidi, au analala ndani.

Hesabu ya safari hii ndiyo inayonikera, na sijui mtu mwenye dhamiri anayeweza kuitazama akatulia. Mfanyabiashara mkubwa mwenye Fuso anapatana mapema na wakubwa wa bariyeri, analipa kwa jumla, na lori lake linapita. Ofisa wa shirika anapita kwa bendera. Mama mwenye dumu moja la mawese hana wa kupatana naye. Analipa Kibua, analipa Kashebere, analipa Nyabiondo, kila mahali kidogo, kila mahali kwa sababu tofauti, na mwisho wa njia sehemu kubwa ya faida yake imebaki kwenye magogo. Kwa kila kilo na kila kilomita, anayesafiri kimaskini ndiye anayelipa ghali kuliko wote. Wengi wanalijua hilo na ndiyo maana wanaondoka alfajiri na mapema, wapite kabla ya wenye gogo kuamka, au wanazunguka kwa njia za msituni ambazo zinaongeza nusu siku na hatari zake.

Fuso lina raha yake. Abiria wanakaa juu kabisa, juu ya turubai, wameshikilia kamba, na konvwayeri, yule kijana wa gari anayelala chini ya lori kulinda tairi, ndiye mwenye kauli ya nani apande na wapi akae. Ukitaka nafasi, zungumza naye kwa heshima: mwite yaya, yaani kaka mkubwa, hata kama umemzidi umri, msaidie kukaza kamba, usimsumbue kwa kuuliza tutafika saa ngapi. Wazee na wenye watoto wachanga hupewa kona karibu na kichwa cha gari, ambako mtikisiko ni mdogo, bila mtu kuamriwa. Gari likikwama, abiria wanageuka kuwa kikosi cha koleo. Likilala njiani, chakula cha mmoja kinakuwa cha wote: bugali baridi, sombe, na kama mtu alitokea Masisi, kipande cha ile jibini ya duara ambayo wenye ng'ombe wa milimani huitengeneza.

Ukilala kijijini, hatua ya kwanza ni kwa chefu. Mgeni hajifichi. Anafika baraza, anasema ametoka wapi, anakwenda kwa nani, ukoo gani unamjua. Akishajulikana, anapewa mahali: chumba cha katekista, darasa la shule, nyumba ya mchungaji wa kanisa la CBCA au la 8ème CEPAC, na kwenye vituo vikubwa parokia. Hakuna anayemtajia bei ya kitanda. Anachotakiwa kutoa ni habari. Daraja la huko nyuma likoje? Sokoni wamefungua? Bunduki zilisikika upande gani? Askari waliopita jana walikuwa wa nani? Watamuuliza taratibu, baada ya maji ya kunawa na baada ya chakula, na kwa majibu yake familia nzima itaamua kama kesho waende shamba la mbali au wabaki.

Anayetaka kujua uzito wa habari hizo akumbuke Luvungi. Kuanzia tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, watu wenye silaha walivivamia vijiji 13 kwenye barabara ya kutoka Kibua hadi Mpofi, ndani ya Walikale. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulithibitisha kwamba watu wasiopungua 387 walibakwa: wanawake, wanaume, wasichana, wavulana. Kambi ya walinda amani ilikuwa Kibua, kwenye barabara hiyohiyo. Lakini simu hazikuwa na mtandao vijijini, mwendo wa watu barabarani ulikatika, na taarifa kamili ilitoka wakati yote yamekwisha. Miaka 10 baadaye, Novemba 2020, mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa kundi mojawapo la wenye silaha, kifungo cha maisha kwa makosa yakiwemo hayo. Tangu niusome uchunguzi ule sijaweza tena kuisifu nchi kwa kuwa kimya. Barabara ya Walikale ikiwa na mama wa mawese, motari, mwanafunzi na mchukuzi, ina macho na masikio. Ikiwa tupu, lolote linaweza kutendeka.

Na imekwisha kuona mengi. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, yule ambaye jina lake lilipewa meli tunayoiita leo Liemba kule Ziwa Tanganyika, alipita misitu hii na msafara wa wapagazi ulioanzia Pangani mwezi Desemba mwaka uliotangulia. Vitabu vya Ulaya vinamtaja yeye kama mvumbuzi. Waliobeba maboksi kutoka pwani ya Waswahili, wakavuka Rwanda na Ziwa Kivu na kutokea Mto Kongo, ni wapagazi ambao majina ya wengi wao hatunayo. Mwaka 1944, Wakumu waliochoshwa na kazi za shuruti za wakati wa vita waliinuka chini ya Bushiri, mhubiri wa dini ya Kitawala, na uasi ukasambaa Masisi hadi Lubutu kabla haujazimwa kwa damu. Machi 1993 mapigano yaliyoisambaratisha Masisi yalianzia sokoni Ntoto, Walikale, siku ya watu kukutana. Mwishoni mwa 1996 wakimbizi wa Rwanda kwa makumi ya maelfu walitembea kwa miguu kupitia hapa hadi Tingi-Tingi, karibu na Lubutu, na wengi hawakufika popote.

Halafu yakaja madini. Kasiterite, madini ya bati, iligunduliwa Bisie, humu Walikale, mwaka 2002, ndani kabisa ya msitu, na kwa miaka mingi hakukuwa na njia ya gari. Vijana walibeba mgongoni mizigo ya kilo 50 kwa mwendo wa siku mbili, kilomita 45 hivi, hadi Ndjingala kwenye Barabara ya Taifa namba 3, ile inayotoka Bukavu kwenda Kisangani. Kutoka hapo mzigo ulipelekwa Kilambo, ambako kipande cha lami iliyonyooka, masalio ya barabara ya zamani za Mobutu, kiligeuzwa uwanja wa ndege. Magari na pikipiki zilisimamishwa, ndege ndogo ikatua katikati ya barabara, ikashusha bia, unga na sukari za Goma, ikapakia magunia ya kasiterite na kuruka. Mfanyabiashara mwenye bahati alipata nafasi kati ya magunia. Mchukuzi aliyeutoa mzigo msituni alirudi kwa miguu.

Leo Bisie ni ya kampuni ya Alphamin, iliyoanza kuzalisha mwaka 2019. Mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, karibu asilimia 6 ya bati la dunia nzima, na kwa ajili hiyo ilifungua barabara yake ya kutoka barabara kuu hadi mgodini. Malori yake mazito yanapita. Nalitaja hilo kwa sababu kila unapouliza kwa nini njia ya Masisi hadi Walikale haijengwi, jibu huwa ni msitu, mvua na milima. Msitu, mvua na milima havikuzuia barabara pale ambapo lilikuwepo bati la kusafirisha.

Mwaka 2025 uliivuruga hata ile ramani ya okazyo ambayo watu waliijua kwa moyo. Waasi wa M23 waliingia Masisi mjini tarehe 4 Januari, wakaichukua Sake, na tarehe 27 wakaingia Goma. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Machi, walipoikaribia Walikale, Alphamin ikasimamisha kazi na kuondoa wafanyakazi wake, nao wakaingia Walikale mjini mwezi huohuo, kisha mwanzoni mwa Aprili wapiganaji wakaondoka na mgodi ukarudi kazini. Njia ya Sake ikakatwa na mistari ya vita. Mfanyabiashara wa Walikale aliyezoea kuitazama Goma akalazimika kuigeukia Kisangani, kilomita 400 hivi upande wa magharibi kupitia Lubutu.

Wagonjwa nao ni wasafiri. Hospitali kuu ya Masisi, ambako Madaktari Wasio na Mipaka wamekuwa wakifanya kazi tangu 2007, hupokea wanawake wenye uchungu wa uzazi walioletwa kwa ngobi, machela ya kusuka inayobebwa mabegani na wanaume wanne, wengine wakifuata nyuma kupokezana. Wanapita kwenye milima ambayo moto haiwezi, mara nyingine usiku. Huo ndio usafiri wa bure pekee niliouona Masisi, na wanaoutoa ni majirani. Bariyeri ambayo haiwafungulii hao mara moja, bila neno, ingepaswa kuchomwa moto siku hiyohiyo.

Kwa msomaji anayeuliza kama aende: asiende sasa kwa ajili ya kutembea. Milima itakuwepo, na sokwe wa Kahuzi-Biega, mbuga ambayo sehemu yake ya nyanda za chini inaingia hadi Walikale, wanahitaji amani kuliko watalii. Ila kwa mwenye ndugu huko, mwenye msiba, mwenye kazi isiyoahirishika, wazoefu wa njia wanashauri hivi. Beba kitambulisho na nakala zake. Vunja pesa yako kuwa noti ndogondogo za faranga na uzigawe mifuko tofauti, maana noti kubwa kwenye gogo hairudishiwi chenji. Jua jina la mtu mmoja kwenye kila kituo utakacholala, na umpigie simu kabla hujauacha mtandao. Usipige picha daraja wala askari. Ukimkuta mtu njiani, simama umsalimie na mpeane habari za mlikotoka. Zawadi ya mwenyeji iwe chumvi na sabuni. Hizo ndizo zinazokosekana huko ndani, na bei zake zimekwisha kuongezwa na kila bariyeri uliyoipita.